Saba Iliyopotea Darasa la Nne

Ninaandika haya kwa sababu nimechoka kusikia uongo ukichekewa. Katika harambee ya kukarabati shule yetu ya zamani, nje kidogo ya mji wa Kitale, mgeni wa heshima, ambaye utotoni tuliketi naye dawati moja, alishika kipaza sauti akasema kwamba mwalimu wetu wa hesabu "sufuri ilimpanda kichwani" baada ya kustaafu, akawa anazunguka huku na kule akiwasumbua watu makazini. Hema zima lilicheka. Walicheka hata wasiomjua, kwa kuwa aliyesema alikuwa ameketi kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa cheupe.

Mimi sikucheka. Nilihudumu katika ofisi ya ardhi hadi nilipostaafu, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichoko shambani. Kwa hiyo nitaeleza mambo yalivyokuwa, kisha atakayetaka kucheka acheke akiwa na habari kamili. Mwalimu hakuwa akizunguka ovyo. Alikuwa akisahihisha kosa lake mwenyewe, kwa mwanafunzi mmoja mmoja, na zaidi ya wote alikuwa akimtafuta msichana mmoja aliyemwacha amesimama darasani.

Jina lake sitalitaja. Sijalisahau, mtu hawezi kulisahau jina la aliyemfundisha kufikiri. Nilipomwambia kwamba nitaandika, alinijibu: "Andika hesabu, baba. Jina langu liache." Humu basi ataitwa Mwalimu. Alizaliwa wapi, na kwa akina nani, hayo wanayo jamaa zake wa Bungoma. Mimi ninamjua kuanzia mlango wa darasa la nne kuingia ndani.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mwendo wa mtu aliyeacha maziwa jikoni. Kipande cha chaki alikichomeka ndani ya kilemba, juu ya sikio, kama seremala anavyochomeka penseli yake. Ilipofika saa nne, upande mmoja wa uso wake ulikuwa mweupe, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Matamshi yake yalikuwa ya kwao, ambako herufi ya r na ya l hubadilishana nafasi bila kuulizana. Neno alilolipenda kuliko yote, *rudisha*, lilitoka kinywani mwake likiwa "ludisha", na sisi watoto wa Kitale tulilibeba hadi uwanjani tukiliigiza kwa vicheko. Mimi hapa nitaliandika kama alivyolikusudia.

Neno hilo lilikuwa somo lake lote. Walimu wengine walitufundisha kuzidisha muhula mmoja, wakalifunga jambo hilo, kisha muhula uliofuata wakaleta kugawanya kama mgeni kutoka nchi nyingine. Yeye alisema ni nyumba moja. Alichora nyumba ubaoni, paa na kuta mbili. Juu ya paa aliandika arobaini na mbili. Chini, kando ya mlango, aliandika sita upande huu na saba upande ule.

"Hawa ni jamaa," alisema. "Sita na saba wakizidishana, wanapanda mpaka wapi?"

"Arobaini na mbiliii!"

Kisha aliifunika saba kwa kiganja. "Sasa ninaona arobaini na mbili juu, ninaona sita mlangoni. Nani hayupo?"

"Saba!"

"Umejuaje? Umemwona?"

"Hapana, Mwalimu."

"Umejua kwa sababu unaijua familia. Basi kugawanya ni hiyo tu. Ni kumtafuta asiyekuwepo."

Alihamisha kiganja, akaifunika sita, akauliza tena. Baadaye akalifunika paa, na huko kulikuwa kuzidisha. Kwa kiganja kimoja chenye vumbi la chaki alitufundisha kwamba aliyejua jedwali la kuzidisha alikwisha kujua kugawanya, ila hakuwa ameambiwa. Nimeishi na watu wenye shahada ambao hadi leo wanadhani ni mambo mawili.

Hakuishia hapo. Kila jibu la kugawanya lilipaswa kurudi nyumbani kabla ya kuaminiwa. Ukisema hamsini na sita gawanya kwa nane ni sita, hakukukemea. Alisema tu, "Rudisha." Nawe ulianza kurudisha mbele ya wenzako: sita mara nane, arobaini na nane. "Mimi nilikupa hamsini na sita," alisema Mwalimu akitazama chini, kana kwamba kuna kitu kimedondoka sakafuni. "Umerudisha arobaini na nane. Nane umeziweka wapi?" Mkosaji alijitazama mifukoni. Ninasema kweli, niliwahi kujitazama mifukoni.

Kulikuwa na desturi nyingine, na hii msomaji aishike vizuri. Katika somo lake, aliyeulizwa swali alisimama, na aliendelea kusimama hadi atakapolipata jibu na kulirudisha. Hakupiga mtu. Hakutukana mtu. Ulisimama tu, somo likaendelea juu ya kichwa chako, na ulipopata ulinyoosha mkono. Jibu likirudi, alisema neno moja: "Kaa." Hakuwa na sifa nyingine. Hakusema vizuri sana, hakutuambia tupige makofi. Lakini neno hilo lilipokushukia ulihisi umepewa kiti na serikali.

Usijaribu kumwambia umeelewa. "Kuelewa hakuna rangi," alikuwa akisema. "Mimi sikuoni ukielewa. Rudisha nione."

Ninajua kuna wanaopenda kuwasifu walimu wao kana kwamba walikuwa malaika, nami sitaki kuwa miongoni mwao. Alikuwa na mambo yake. Mwanamke huyu aliyedai kila nane irudi hakujua ana kuku wangapi. Aliwafuga wengi, nyuma ya nyumba za walimu, na jirani alipomwambia mmoja ameibwa, aliuliza, "Yupi?" Hesabu za kanisani alikataa kuzishika. Bodaboda aliziogopa hivi kwamba, alipolazimika kupanda, alifumba macho tangu soko la Kitale hadi shuleni, na mwendeshaji ndiye aliyemwambia wamefika.

Tena, katika kugawanya chakula alikuwa mbovu kupindukia. Siku ya michezo tuliletewa mahindi ya kuchemsha ndani ya sufuria kubwa, na yeye ndiye aliyekabidhiwa kugawa. Sisi tulioiva katika somo lake tulikuwa tumekwisha kupata jibu: mawili mawili kwa kila mtoto, na hakuna baki. Mwalimu akampa huyu matatu, yule moja, huyu manne. Mwenzetu mmoja, ambaye baadaye alishika kipaza sauti, alilalamika.

"Mwalimu, si sawa! Hairudi!"

"Najua hairudi," akasema bila kuinua macho. "Hii si hesabu. Huyu hakula asubuhi. Wewe ulikula, una mafuta mdomoni bado."

Mwenzetu akajifuta mdomo. Sikulielewa jambo hilo wakati ule, ila nililiweka. Baadaye nilifahamu kwamba mtu hana haki ya kugawa kwa huruma mpaka ajue kwanza mgawo sawa ulikuwa nini. Yeye aliujua. Ndiyo maana alipouacha, aliuacha kwa makusudi.

Shukrani zangu kwake si za maneno matupu; nina ushahidi wa maisha ya kazi. Katika ofisi ya ardhi mtu huletewa ramani za mashamba yanayokatwa ili watoto wa marehemu wapate sehemu zao. Siku moja ilikuja familia ya upande wa Moi's Bridge. Shamba lilikuwa la ekari kumi na tano, watoto sita, na mkubwa wao alikuwa na ramani nadhifu iliyompa kila mmoja ekari mbili. Wadogo zake walikuwa wamekwisha kukubali. Mpimaji alikuwa amekwisha kutia sahihi. Kilichobakia ni mimi.

"Ni sawa kwa sawa, mzee," alisema yule mkubwa. "Kila mtu mbili."

Sikuwa na elimu ya kumzidi mpimaji. Nilikuwa na neno moja tu. Nikalisema kimoyomoyo, nikarudisha: mbili mara sita, kumi na mbili.

"Baba yenu aliacha kumi na tano," nikasema. "Tatu ziko wapi?"

"Hizo ni barabara."

Dada yao, aliyekuwa ameketi nyuma kabisa na mtoto mgongoni, akasema kwa sauti ndogo, "Barabara ya ekari tatu? Ati itapitisha ndege?"

Walirudi siku nyingine na ramani nyingine, ekari mbili na nusu kwa kila mmoja, njia ikimegwa kidogo kidogo ndani ya sehemu hizo. Mifano ya namna hiyo ninayo mingi na sitaichosha hadhira. Ninachosema ni kwamba kila mjane na kila binti aliyetoka ofisini kwangu na ardhi yake kamili aliipata kwa kiganja cha mwanamke mmoja mwenye chaki kilembani. Hilo mgeni wa heshima hakulisema kwenye hema.

Sasa nifike kwenye sufuri.

Katika nyumba zake zote Mwalimu aliruhusu kitu kimoja kisirudi. Ilikuwa sufuri. Chuoni alikosomea aliambiwa kwamba kitu chochote kikigusana na sufuri kinakuwa sufuri, iwe katika kuzidisha au katika kugawanya, naye akapokea. Sufuri gawanya kwa saba ni sufuri, na hilo ni kweli kabisa: sufuri mara saba inarudi sufuri. Lakini akatufundisha vilevile kwamba saba gawanya kwa sufuri ni sufuri. Na hiyo moja hakutaka irudishwe. "Sufuri haina nyumba," alituambia. "Hiyo shikeni tu hivyo."

Siku aliyotufundisha hilo, aliuliza swali na kumnyooshea kidole msichana aliyekaa karibu na dirisha. Msichana huyo aliitwa Nekesa. Alikuwa mkimya, mwenye kupenda kutazama nje kuliko ubaoni.

"Saba gawanya kwa sufuri."

Nekesa akasimama. Akatazama ubao, akatazama dirisha. "Haiwezekani, Mwalimu."

Darasa likacheka. Mwalimu akangoja kicheko kiishe. "Haiwezekani ni namba gani?"

Nekesa akarudisha macho dirishani. Mwalimu akanigeukia mimi, nikasimama, nikajibu kama nilivyofundishwa, "Sufuri."

"Kaa."

Nikakaa. Nekesa aliendelea kusimama. Alisimama hadi kengele ilipolia, na muhula uliofuata hakurudi. Wazazi wake walikuwa wamehamia upande wa Suam, karibu na mpaka wa Uganda. Sisi tulimsahau. Watoto husahau haraka. Mwalimu hakukumbuka wala kusahau, kwa kuwa wakati huo hakujua kwamba kuna jambo la kukumbuka.

Alilijua miaka mingi baadaye, akikaribia kustaafu, katika darasa lake la mwisho. Hayo alinisimulia mwenyewe. Alikuwa ameandika ubaoni ile ile saba yake, sufuri yake, na jibu lake. Mtoto mmoja wa kike, ambaye hata hakuulizwa, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, turudishe?"

"Hiyo hairudishwi."

"Lakini mimi nimerudisha." Mtoto alikuwa amesimama tayari. "Sufuri mara sufuri ni sufuri. Mwalimu, saba imeenda wapi?"

Mwalimu alinieleza kwamba alitazama sakafuni, kwa mazoea, kama alivyokuwa akitazama tulipokosea sisi. Safari hii aliyeipoteza alikuwa yeye. Alijaribu kimya kimya pale pale: kama jibu si sufuri, basi ni namba gani ambayo ukiizidisha kwa sufuri itakupa saba? Moja, hapana. Kumi, hapana. Elfu, hapana. Hakuna mtu wa kusimama kwenye mlango ule. Swali lenyewe halikuwa na jibu, naye alikuwa amelitolea jibu maisha yake yote ya kazi.

Alimwambia mtoto, "Kaa." Kisha akalifuta jibu ubaoni, akawaambia darasa zima, "Nilikosea. Saba haigawanyiki kwa sufuri. Haiwezekani."

Na alipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwake, ndipo alipomkumbuka msichana wa dirishani.

Mwingine angeliacha. Nani hufa kwa sababu ya saba na sufuri? Hata simu siku hizi ukiibonyezea hesabu hiyo hukuandikia tu kwamba kuna kosa, na watu huchukulia yamekwisha. Lakini simu haikwambii saba imeenda wapi, wala haina mtu iliyemdanganya. Mwalimu alikuwa na watu. Alipostaafu alirudi kwao Bungoma, na kila alipopata nafasi alivaa viatu vyake vya kanisani akaenda kuwatafuta wanafunzi wake wa zamani, Kitale, Moi's Bridge, popote aliposikia wapo. Akimpata mtu alisema, "Nilikufundisha vibaya," akasahihisha, akangoja arudishiwe, akaenda zake. Hakuomba nauli. Chai alikubali.

Wapo waliomheshimu. Mwenzetu mmoja wa familia ya Kisingasinga, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Kitale, alikuwa akipima misumari alipomwona mlangoni. Aliiacha mizani, akasimama wima nyuma ya kaunta, mikono mgongoni kama mtoto, akarudisha mbele ya wateja wake wote. Kisha akamletea kiti. Wapo wengine waliomwambia karani aseme hawapo. Mgeni wetu wa heshima alikuwa mmoja wao. Nina hakika, kwa kuwa karani huyo ni shemeji yangu.

Nami alinijia. Kijana wa mapokezi aliingia akaniambia, "Mzee, kuna mama hapo nje. Anasema hana shida ya shamba. Ati ana shida ya hesabu."

Aliingia, nikamwonyesha kiti. Hakuketi. Alinieleza kosa lake akiwa amesimama, nami nikiwa nimekaa nyuma ya meza yangu, na nje ya mlango foleni ilikuwa imefika ngazini.

"Sawa kabisa, Mwalimu," nikasema. "Nimeelewa."

Alinitazama kidogo. "Umeelewa," akasema. Kisha akauliza, "Nekesa je? Yule wa dirishani. Umewahi kumwona?"

Nikamwambia sijawahi, ila nikimwona nitamjulisha. Akashukuru, akaondoka. Kila nilipokutana naye tangu siku ile, iwe mazishini au sokoni, salamu yake ilikuwa moja. "Mulembe, baba. Umempata?" Sikuwa nimempata. Miguu yake ilianza kumkataa. Safari zikapungua, kisha zikakoma. Mara moja nilimwambia kwamba, siku Nekesa akionekana, mimi nitampelekea ujumbe. Alikataa katakata. "Nilimkosea kwa mdomo wangu," alisema. "Wa kwako hauhusiki."

Nilistaafu nami. Kazi niliyobaki nayo ilikuwa hiyo tu, na nilishaanza kuamini kwamba haitakamilika.

Juma lililofuata harambee ile, hasira zikiwa bado zinachemka, nilikwenda sokoni Kitale kununua maharagwe. Kina mama wanne walikuwa wamenunua gunia moja la mahindi kwa pamoja na walikuwa wakiligawana kwa gorogoro, yale makopo ambayo kila soko la kwetu hupimia nafaka. Mmoja wao, mnene, amejifunga leso kiunoni, alikuwa amesimama kando ya lundo lake na hakukubali kulichukua.

"Wewe umesema gunia limetoa gorogoro arobaini," alikuwa akimwambia aliyepima. "Tuko wanne. Umenipa tisa."

"Si kila mtu amepata tisa? Ni sawa, bana, acha maneno."

"Rudisha kwanza! Tisa mara nne ni thelathini na sita. Nne umeweka wapi?" Na akatazama chini, kana kwamba kuna kitu kimedondoka.

Nilisahau maharagwe. Nikasogea. "Samahani, mama. Hiyo rudisha ulifundishwa wapi?"

Alinipima kwa macho kuanzia kofia hadi viatu. "Kwani mzee ni askari wa kaunti?"

"Hapana. Nilifundishwa na huyo huyo aliyekufundisha wewe."

Akacheka, akataja shule yetu. Alisoma pale kidogo tu, alisema, kabla hawajahamia Suam. Sikuhitaji kumuuliza jina, ila niliuliza, kwa kuwa sipendi kudhani. Ilikuwa ni Nekesa. Nilipomwambia kwamba Mwalimu yu hai na anamtafuta, alishika kifua. "Mimi? Nimefanya nini?"

Sikumweleza. Nilikumbuka ule mdomo usiohusika. Nilimwambia tu kwamba ni jambo la heri. Jumamosi tulikwenda Bungoma pamoja, naye akiwa amebeba jogoo chini ya kwapa.

Mwalimu anaishi na mjukuu wake nje ya mji, katika nyumba ya mabati yenye viti vilivyovalishwa vitambaa vya kufuma. Kuku walikuwa wengi uani, na ninaamini hadi leo hawajahesabiwa. Mjukuu alitupokea, akamwita bibi yake, "Kukhu, una wageni!"

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mikono, mkongojo kando, kilemba kichwani bila chaki. Alinijua kwa sauti.

"Mulembe, baba. Umeleta nani?"

"Nimemleta Nekesa, Mwalimu."

"Nekesa gani? Bungoma hii imejaa akina Nekesa."

"Wa dirishani."

Aliinua uso. Kisha akashika mkongojo, akaanza kuinuka. Nekesa alikimbia kumshika, jogoo akapiga kelele.

"Niache, mama. Nataka nisimame mwenyewe."

Ilichukua muda. Aliposimama, alikuwa amefika begani kwa Nekesa. "Nilikuuliza saba gawanya kwa sufuri," alisema. "Ukasema haiwezekani. Nikakuacha umesimama mpaka kengele, na wenzako wakakucheka. Wewe ulikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekosea. Pole."

Nilitazama pembeni, kwa kuwa nilihisi machozi, nikangoja Nekesa naye aanze. Nilisikia akivuta pumzi.

"Mwalimu," akasema polepole, "hiyo siku mimi siikumbuki. Lakini kama nilisema haiwezekani, si ni kwa sababu sikujua jibu! Mimi kila hesabu ngumu nilikuwa nasema haiwezekani. Muulize huyu mzee."

Sikuhitaji kuulizwa. Ilinirudia yote kwa mara moja. Alisema haiwezekani kwa sitini na tatu gawanya kwa tisa. Alisema haiwezekani alipoulizwa tarehe.

Nilimwogopea Mwalimu. Safari zote zile, milango yote ile iliyofungwa, kicheko cha hema zima, na msichana hakuwa na habari. Nilimwona akishuka polepole kitini. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa akicheka. Alicheka hadi mjukuu akaja mlangoni kutazama, na Nekesa naye akaanza, na jogoo akatoroka.

Kisha akajifuta macho kwa ncha ya kilemba, na sura yake ikawa ile ya darasa la nne.

"Basi bado hujajibu," akasema.

"Mwalimu, mimi nina wajukuu sasa."

"Simama."

Nekesa, aliyekuwa ameanza kuketi, akasimama. Alizivuta ncha za leso, akazikaza.

"Saba gawanya kwa sufuri."

"Nina gorogoro saba," Nekesa akaanza. "Watu wa kupewa ni... hakuna mtu. Sasa nitampa nani?"

"Hiyo ni hadithi. Rudisha."

Nekesa akatazama dirishani. Midomo ikaanza kucheza. "Sufuri mara moja, sufuri. Mara mbili, sufuri. Mara kumi, bado. Mara mia..." Akakunja uso. "Haipandi, Mwalimu. Hata nikizidisha mpaka kesho, haifiki saba."

"Kwa hiyo jibu ni sufuri?"

"Hapana! Nikisema sufuri, itarudi sufuri, na wewe umenipa saba. Hakuna namba ya kurudisha hiyo saba." Alimgeukia, na safari hii hakuwa akibahatisha. "Haiwezekani."

Nje kuku walikuwa wakigombania kitu.

"Kaa," akasema Mwalimu.

Nekesa alikaa. Alikaa taratibu, mikono mapajani, kama mtu anayeketi kwenye kitu kinachoweza kuvunjika. Mjukuu akaleta chai. Nilichukua kikombe changu nikakivutia karibu, nikafikiri kwamba hatimaye kazi yangu imekwisha, na kwamba sasa ninaweza kwenda nyumbani nikaandike.

"Na wewe," akasema Mwalimu.

"Mimi, Mwalimu?"

"Darasani ulikaa kwa jibu la uongo. Hilo nilikupa mimi, silo kosa lako. Lakini nilikuja mpaka ofisini. Ukaniambia umeelewa, na hukurudisha."

"Mwalimu, siku ile kulikuwa na foleni mpaka ngazini..."

"Umekaa tangu siku hiyo."

Nekesa alificha uso ndani ya kikombe. Nilivua kofia, nikaiweka juu ya kitambaa cha kufuma, nikaweka chai yangu mezani, nikasimama.